Tulivunja maskani ya pagale, sasa sindano ziko nyuma ya shule

Swali: Mimi ni mjumbe wa kamati ya ulinzi na usalama ya mtaa hapa Dar es Salaam, na ni mama wa watoto watatu. Mtaani kwetu kulikuwa na pagale ambalo mateja walikuwa wakilala na kujidunga humo. Mwezi wa tatu tuliomba polisi, tukaongeza mgambo na vijana wa ulinzi shirikishi, tukafanya msako alfajiri. Walikamatwa kumi na saba, na mwenye pagale akaziba milango kwa tofali. Wiki mbili mtaa ulitulia. Sasa wamerudi, tena wametawanyika: mtaroni nyuma ya shule ya msingi, stendi, hadi kwenye baraza za watu. Mabomba ya sindano yanaokotwa njiani, na wizi wa ndoo na mita za maji umezidi kuliko zamani. Mmoja wao ni mtoto wa jirani yangu, namjua tangu anacheza chandimu na kaka zangu. Wenzangu kwenye kamati wanataka msako mkubwa zaidi, kila wiki. Tulikosea wapi?

Jibu:

Dada yangu, pole sana, na ahsante kwa kuuliza kabla ya kurudia. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, na miaka yangu mingi kazini nimeimalizia kwenye dirisha la kutolea methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa heroini. Hao kumi na saba wenu siwajui kwa majina, lakini nimewahudumia wenzao wengi waliokuja kwangu siku mbili tatu baada ya msako, na wengine ambao hawakuja tena. Nitajibu kwa kirefu kwa sababu ulichoniandikia kina mambo manne au matano ndani yake, na kila moja lina chanzo chake.

Hofu yako kwa watoto ni ya haki. Mtaa una kila sababu ya kutaka shule isizungukwe na sindano. Ninapotofautiana na wenzako ni hapa: naamini sindano hizo zimefika nyuma ya shule kwa sababu ya msako, na msako wa kila wiki utazisambaza zaidi.

Anza na arosto. Mwili wa mtu aliyezoea heroini huanza kudai saa sita hadi kumi na mbili baada ya kete ya mwisho. Kwanza miayo, kamasi na machozi, halafu tumbo linakata, mifupa inauma, anaharisha, anatetemeka huku jasho linamtoka. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi. Watu mliowaamsha alfajiri walikuwa wamebakiwa na saa chache tu kabla ya hayo kuanza. Aliyekamatwa aliipata arosto akiwa mahabusu. Aliyeruka ukuta alikuwa na kazi moja tu kabla ya adhuhuri: kupata hela ya kete na kumfikia pusha. Hukuniambia kama pusha alikamatwa. Hata kama alikamatwa, mara nyingi nafasi yake huwa imeshachukuliwa ifikapo jioni. Kwa hiyo mtu wa namna hii hahamii Kibaha. Anahama mita mia tatu, ili abaki karibu na pusha, karibu na stendi anakopigia debe, karibu na mama ntilie anayempa ukoko. Pagale likizibwa, panapofuata ni mtaro, na mtaro wenu umepita nyuma ya shule.

Haya hayajatokea kwenu tu. Mei 2017, polisi wa São Paulo, Brazili, walivamia eneo la katikati ya jiji ambako mamia ya wavuta kraki, aina ya kokeini inayovutwa, walikuwa wakikaa mchana na usiku. Meya akatangaza kwamba eneo hilo limekwisha. Siku chache baadaye wengi walikuwa wamejikusanya kwenye uwanja mwingine, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Walifukuzwa tena na tena miaka iliyofuata, na kundi moja kubwa likazaa vikundi vidogo mtaa kwa mtaa.

Sasa sindano zenyewe. Nimeingia mapagale mengi nikiongozana na waelimishaji rika, yaani watu waliokuwa wakitumia wenyewe, wakapata nafuu, wakarudi kuwatafuta wenzao. Karibu kila pagale lina kona yake. Naikumbuka moja, Temeke: kipande cha godoro la sponji, chupa ya maji ya lita moja na nusu, vizibo vya soda vya kuchanganyia, na ndoo ya rangi ya lita ishirini imejaa mabomba yaliyotumika, juu yake wameweka kigae kizito ili paka asiiangushe. Ndoo ile waliiweka wao. Mwelimishaji rika alikuwa akija kila Alhamisi kuichukua na kuzipeleka hospitali zikachomwe. Msako ulipopita, ndoo ilipigwa teke, mabomba yakamwagika uani, na waliokimbia hawakupata mahali pengine pa kuweka ndoo.

Na kuna jambo la pili. Mtu akipekuliwa akakutwa na bomba mfukoni, bomba hilo ndilo linalomtia hatiani, au ndilo analolipia ili aachiwe. Anajifunza haraka. Anaacha kutembea nalo. Analificha kwenye ufa wa ukuta, kwenye mchanga, juu ya mti, na mwenzake mwenye arosto akilikuta analitumia. Akisikia pikipiki inakuja analitupa hapo hapo aliposimama. Ndiyo maana mnaziokota njiani. Na anayejidunga huku anaangalia nyuma hapati muda wa kusafisha ngozi wala kutafuta mshipa kwa utulivu, anachoma popote. Majipu ya mapajani na kinenani ninayoyasafisha yana majira yake, na majira hayo ni wiki za misako.

Niseme hili kabla sijasahau, na tafadhali lifikishe kwa mwalimu mkuu. Mtoto akichomwa na sindano iliyookotwa, osheni jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni. Msilikamue, msilinyonye. Mpelekeni hospitali siku ileile aanzishiwe dawa kinga ya VVU. Dawa hiyo inafaa ikianza ndani ya saa 72, na kadiri inavyowahi ndivyo inavyofaa zaidi, kisha inamezwa siku 28. Waulizeni pia kuhusu chanjo ya homa ya ini B. Na wanafunzi wasitumwe kamwe kuokota sindano, hata kwa fimbo.

Wizi nao una hesabu yake. Human Rights Watch, kwenye ripoti yake ya mwaka 2013 kuhusu Tanzania, iliandika kwa urefu habari za watumiaji kupigwa na sungusungu na kutozwa hongo na askari ili waachiwe. Ninaowahudumia wananieleza mambo hayohayo. Mtu aliyekuwa akitafuta hela ya kete, sasa anatafuta hela ya kete na ya kuachiwa. Wakati huohuo kazi yake ya kuokota makopo na vyuma chakavu imekatika, kwa sababu gunia lake lilibaki ndani ya pagale lililozibwa. Mita ya maji ina shaba, na muuza chuma chakavu haulizi imetoka wapi.

Hapa ndipo pagumu kwangu kuandika. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mgonjwa, fundi gereji, aliyekuwa na miezi saba kwenye methadoni. Methadoni, kwa wasioijua, ni dawa ya maji inayonywewa mara moja kwa siku. Inazuia arosto kwa saa 24 au zaidi bila kumlewesha mtu aliyeshazoea dozi yake. Mgonjwa anakuja dirishani, tunamtambua, namimina kipimo chake kwenye kikombe kidogo, anakunywa mbele yangu, anafuatia na maji, kisha namwomba aongee, aniambie jina lake au habari za nyumbani, nihakikishe amemeza. Huyu kijana alikuwa ananiambia kila siku ni gari gani analitengeneza. Alikuwa amerudi kulala kwao, mama yake alikuwa amempa chumba cha uani.

Alfajiri moja alikuwa stendi akisubiri daladala ya kuja kliniki, msako ukapita. Alama za zamani za sindano mikononi zilitosha. Kosa lililoandikwa lilikuwa uzururaji. Alikaa ndani siku kumi na moja. Kwetu mgonjwa akikosa siku tatu mfululizo tunampima upya kabla ya kumpa kitu. Akikosa zaidi ya hapo, mwili umeshapoteza ule uzoefu, lazima tuanze upya kwa dozi ndogo, miligramu 15 hadi 30, tukimpandisha taratibu kwa wiki kadhaa. Yeye alitoka Ijumaa jioni, kliniki imefungwa, arosto bado imo mifupani. Alipita maskani. Alinunua kipimo alichokuwa akikimudu mwaka uliotangulia. Walimkuta asubuhi kwenye mtaro, bomba bado liko mkononi. Mama yake alikuja kuniuliza kama dawa yetu ndiyo iliyomuua, na nilikosa namna ya kumweleza kwamba kilichomuua ni siku kumi na moja za kuikosa.

Jambo hili linajulikana kitaalamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliowafuatilia watu waliotoka magerezani katika jimbo la Washington, Marekani, ulikuta kwamba wiki mbili za kwanza uraiani hatari yao ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129 ya ile ya watu wengine. Mwingine wa mwaka 2023, wa jiji la Indianapolis, ulipima kitu kinachofanana na chenu. Wiki moja baada ya polisi kukamata heroini au dawa za jamii yake mahali fulani, vifo vya kuzidisha dozi ndani ya mita 500 kutoka pale vilikuwa karibu mara mbili ya vilivyotarajiwa. Sababu ni nyepesi kuielewa. Pusha uliyemzoea kakamatwa, unanunua kwa usiyemjua mzigo usioujua nguvu yake, na umekaa siku mbili na arosto. Kule wana fentanili, dawa kali kuliko heroini, lakini kwa wingi wana naloksoni pia, dawa ya kumzindua aliyezidisha. Maskani zetu hazina naloksoni.

Baadhi ya wenzako kwenye kamati watasema: tukikausha unga, mateja wataacha wenyewe. Hoja hiyo inastahili jibu la kweli, kwa sababu ina nusu ya ukweli. Mwishoni mwa mwaka 2010 na miezi ya mwanzo ya 2011, pwani ya Kenya, kuanzia Mombasa hadi Malindi, heroini ilikauka baada ya serikali kuwabana wasambazaji. Wapo waliojaribu kuacha. Lakini wakati ule hakukuwa na kliniki hata moja ya methadoni Kenya nzima. Ya kwanza, ya Mathari jijini Nairobi, ilifunguliwa mwishoni mwa 2014, na ya Malindi mwanzoni mwa 2015. Kwa hiyo wengi waligeukia vidonge vya usingizi na pombe, au waliuziwa unga uliochanganywa vitu visivyojulikana. Na wapo waliokuwa wakivuta tu, kokteli na vijiti (sigara zilizochanganywa unga), wakahamia kwenye sindano, kwa sababu kidogo ulichonacho ukikidunga hakipotei na moshi. Ukame ulipoisha, sindano haikuondoka.

Linganisha na kwetu mwaka 2017. Februari ya mwaka ule Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alitangaza majina ya watu hadharani, na mamlaka ya kudhibiti dawa za kulevya ikapewa kamishna mkuu mpya na nguvu mpya. Unga uliadimika. Mimi nilikuwa dirishani. Foleni ya wanaotaka kuanza methadoni ilikuwa haijawahi kuwa ndefu vile, na wapo walioingia wakati ule ambao leo ni madereva na wazazi. Nakiri hilo waziwazi. Tofauti yetu na Mombasa ya 2010 ni kwamba Dar es Salaam ilikuwa tayari na milango mitatu: Muhimbili, iliyoanza Februari 2011 ikiwa ya kwanza Tanzania (Mauritius walitutangulia mwaka 2006), kisha Mwananyamala, kisha Temeke. Lakini milango mitatu kwa jiji lote ni michache. Tuliwarudisha watu, tukawaambia wasubiri, na mwenye arosto hawezi kusubiri.

Mwezi uleule wa Februari 2017, Wizara ya Afya ilisimamisha huduma za VVU kwa makundi maalumu, yaani yaliyo kwenye hatari zaidi ya kuambukizwa, katika vituo 40 vya mashirika ya kiraia, na kuelekeza huduma hizo zitolewe katika vituo vya afya vya serikali. Sababu iliyotajwa ilihusu ushoga, haikuhusu unga. Hata hivyo, waliokuwa wakihudumiwa katika vituo vya namna ile walikuwamo wanaojidunga: hapo ndipo walipooga, wakapimwa kifua kikuu, wakakutana na mwelimishaji rika wa kuwaandaa kuja kwetu. Upande mmoja wa serikali ulikuwa unawasukuma watu waende kwenye tiba, upande mwingine ukiondoa ngazi za kufikia hapo. Sidhani kama kuna aliyeketi akapanga hivyo. Ndivyo maamuzi yanavyogongana yakitoka ofisi tofauti.

Mtu mliyemsahau kwenye barua yako, na hata sisi kliniki tunamsahau, ni mwanamke. Nina hakika kati ya waliolala kwenye pagale walikuwamo wanawake wawili watatu. Dirishani kwangu ni wachache mno ukilinganisha na wanaume, ingawa hali yao ndiyo mbaya zaidi. Tafiti za katikati ya miaka ya 2000 hapa Dar es Salaam zilikuta zaidi ya wanne katika kila kumi wanaojidunga wana VVU, na kwa wanawake ilikuwa zaidi ya nusu. Ni miaka ile ile watafiti walipoandika kuhusu wanawake wa jiji hili waliokuwa wakisaidiana kwa namna ya kutisha: aliyejidunga anavuta damu yake ikajaa kwenye bomba na kumpa mwenzake asiye na hela ajidunge damu ile, akiamini ina unga ndani yake wa kutuliza arosto. Walifanya hivyo kwa huruma, dada. Kila mmoja alikuwa anajua kesho zamu ni yake.

Pagalani, pamoja na ubaya wake, mwanamke ana wenzake watakaopiga kelele akivamiwa usiku. Mkishawatawanya, analala kwa mlinzi wa gereji, kwa konda, kwa yeyote mwenye paa, na malipo ya paa unayajua. Nilimhudumia mmoja aliyepotea miezi mitano baada ya msako. Alirudi na mimba ya miezi minne na kifua kikuu. Tulipoanza kumtibu, tulilazimika kumwongezea methadoni, kwa kuwa rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, huifanya methadoni iishe mwilini haraka, na asiyejua hilo anarudi kwenye unga akidhani kliniki inampunja. Waliolala naye chumba kimoja pagalani hatukuwapata hata mmoja tuwapime. Walikuwa wameshatawanyika jiji zima, wakikohoa kwenye daladala zetu.

Kuhusu sheria nitapita haraka. Kumkamata mtu kwa uzururaji bado kumo kwenye Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 176 na 177, maneno yaliyorithiwa kwa mkoloni. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako hapahapa Arusha, ilitoa maoni ya ushauri tarehe 4 Desemba 2020 kwamba sheria za namna hiyo zinakwenda kinyume cha Mkataba wa Afrika, na kuzitaka nchi zizirekebishe au kuzifuta. Kamati yenu haiwezi kubadili sheria. Lakini inaweza kuacha kuiomba polisi iitumie.

Sisi wa upande wa tiba nasi tuna makosa yetu, na haitakuwa haki nikiyaficha. Yapo mashirika yaliyogawa sindano safi bila kupanga vizuri nani anakusanya zilizotumika, na wakazi wakabaki na uchafu. Kenya ilipotangaza mpango wa kugawa sindano safi mwaka 2012, viongozi wa dini wa pwani waliupinga vikali, na sehemu ya hasira yao ilitokana na kusikia habari badala ya kuulizwa. Kliniki kubwa nazo hukusanya watu wengi mahali pamoja kila asubuhi, na pusha mwerevu anajua pa kusimama. Mgonjwa wa Mbagala au Kigamboni anatumia nauli kila siku ya Mungu kuja kunywa kikombe kimoja, na siku akikosa nauli tunamwandika mtoro. Nimewahi kumwandika mtu mtoro, kumbe alitembea kutoka Gongo la Mboto akafika tumefunga.

Sasa mfanye nini. Kwanza, tofali za pagale zibaki, sikushauri mkazivunje. Jengo ni la mtu, na watu wenu wameshahama. Kazi iko kwenye mtaro.

Kabla ya mkutano ujao wa kamati, nenda kliniki ya methadoni iliyo karibu nanyi, ulizia shirika linalofanya kazi ya kuwafikia watu mitaani kwenye kata yenu. Waombe waelimishaji rika waje mchana, waonane na mwenyekiti na mtendaji, wajulikane, wapewe barua, ili mgambo asije akawakamata wao. Hili hutokea. Nimemtoa mwelimishaji rika kituoni zaidi ya mara moja akiwa na fulana ya shirika mwilini. Waambieni shida yenu ni shule. Wao watazungumza na watu wa mtaroni wahame upande ule, na nimeona makubaliano hayo yakishika, kwa sababu watu wa maskani hawataki watoto wachomwe kama ninyi msivyotaka. Wengi wana watoto. Wekeni kisanduku cha usalama, kile cha manjano cha hospitali, mahali watakapopachagua wao na mtakapokubali ninyi, na ijulikane ni siku gani kinachukuliwa. Wiki ya kwanza kitakaa kitupu. Msikate tamaa wala msimweke mtu wa kuvizia nani anakuja kutumbukiza, maana siku mtakayomkamata mmoja hapo ndiyo siku ya mwisho ya kisanduku.

Zungumzeni na mkuu wa kituo cha polisi jambo moja tu dogo: kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa tano, anayekwenda kliniki aachwe apite, na akikamatwa kwa kosa lolote, kliniki ipigiwe simu siku hiyohiyo. Kwa kosa la kuiba mita ya maji akamatwe, ashtakiwe, sina ubishi. Mradi dozi yake isikatike kimyakimya. Pusha naye mwacheni polisi wamfuate, na nguvu za kamati mkizipeleka huko badala ya mtaroni nitakuwa wa kwanza kuwapongeza.

Halafu kuna jambo lililo mikononi mwenu kabisa, ambalo wenyeviti wengi hawajui uzito wake. Asiye na makazi hana kitambulisho, na kila mlango unaulizia barua ya serikali ya mtaa: hospitali, msamaha wa matibabu, hata ndugu wa kumdhamini. Akija ofisini kwenu anaambiwa hakai hapa, hana balozi, alete hela ya muhuri. Mwandikieni. Alilala pagalani kwenu miaka miwili, ni mkazi wenu. Mkiandika barua tano tu mwezi huu, bila malipo, mtakuwa mmepunguza watu mtaroni kuliko karandinga lilivyowapunguza.

Kuhusu mtoto wa jirani yako. Usimfuate na kundi, na usianze na mawaidha. Nenda asubuhi, wakati bado hajaanza kuhangaika, umwite kwa jina alilokuwa akiitwa kwenye chandimu. Mpe chai na kitu cha kula. Muulize amelala wapi tangu pagale lizibwe, na kati ya wale kumi na saba nani ametoka na nani bado yuko ndani. Atajua wote. Muulize hasa waliotoka wiki hizi, na umwambie awaambie wasitumie kipimo cha zamani, na asiwepo anayejidunga peke yake. Muulize wanawake walikokwenda. Akikubali kuja kliniki, mama yake aje naye siku ya kwanza ikiwezekana, na nauli ya wiki mbili za mwanzo iwe imeshapatikana kabla hajaondoka nyumbani. Sisi huanza kupokea watu asubuhi na mapema.